Niandikie Zamu ya Kumwona Tecla

Kwa Nelvine, mjukuu wangu mwenye macho ya mashine,

Huku Boito mvua imenyesha vizuri. Ng'ombe ananipiga teke kila nikimkama, anajua mikono hii si ya nyanya yako.

Ulisema hadubini zenu hapo Nairobi ni za watafiti wote, kila mtu anangoja zamu, kama sisi na vikapu vyetu kituoni tukingoja kupimiwa majani chai. Nilicheka. Nyanya yako Tecla hakuwahi kungoja zamu hapo kituoni. Alikuwa anasukuma kikapu mbele akisema, "Nipisheni, mzee wangu ni mgonjwa." Na mimi niko nyumbani mzima kama jiwe. Sasa watu na digrii zao wanampangia foleni yeye.

Unauliza kama kile kipande cha koo lake, walichokata kabla hajatuacha, kirudi tukizike ama kibaki kwa watafiti. Baba yako anataka kizikwe. Mimi nasema kibaki. Kansa hiyo ya koo imemaliza akina mama wengi huku, na labda mmoja wao ataweza kumeza chai yake tena.

Lakini na mimi niandikie zamu. Nitavaa koti safi, sitagusa kitu. Ulisema hadubini inafanya kitu kidogo kionekane kikubwa kama nyumba. Hii nyumba imekuwa kubwa sana, Nelvine. Nataka kumwona akiijaza.

Babu yako, ambaye bado ni mzima,
Kipngeno