Santuri ya Baba Iliishia Wimbo wa Nne

Nafisa, mkono wa kulia umefura, naandika na wa kushoto.

Si nilikuambia nitasikiza ile santuri ya baba, ya wazungu wa gita na nywele ndefu? Leo mchana nimeiweka, hapa nyumbani Tongaren.

Wimbo wa kwanza ni kelele kama posho mill ikisaga mahindi. Wa pili ngoma tu, sikuupenda. Wa tatu ni mtamu bana, nikaurudia mara mbili.

Wa nne haujaisha, Uncle Makokha, ndugu ya baba, akaingia na mpini wa jembe. Ati, "Nasambu, vitu vya marehemu havijagawanywa na wewe unavichezea?"

Alinipiga, Nafisa. Mimi. Mkono, mgongo, halafu akageukia santuri mpaka ikawa vipande. Nikamuuma kidole mpaka damu.

Najua kugawa ni wiki ijayo. Lakini muziki tu?

Halafu akakaa chini, anaokota vile vipande. Akaniuliza polepole, "Wa tano ulikuwa umefika?"

Nikamwambia bado.

"Huo ndio tulikuwa tunacheza na baba yako."

Saa hii tuko kwa foleni ya hospitali. Amenileta yeye. Ananiimbia huo wa tano.