Jumamosi za Marekani

Jumamosi, 31 Julai 2021

Salum,

Leo tena hatukufika Marekani. Niliwasha kompyuta mapema, karatasi zako za somo la fasihi ya Marekani mezani kwa mpangilio uleule uliouacha. Salamu zikaanza. Nyambura akamsalimia kila mtu kwa jina, akauliza na hali ya nyumbani kwa kila mtu. Bwana Kessy akaomba sala fupi. Ikawa ndefu. Kisha pole. Pole ya msiba, pole ya eda, pole ya lokdauni, pole ya baridi. Baba Josué alipofika kwenye pole ya watoto wetu wote (tuna Zuhura peke yake, na yeye Baba Josué anajua), dakika za bure za mkutano zikaisha. Kioo kikawa cheusi.

Wiki iliyopita ilikuwa hivihivi. Wanafunzi wako uliwaacha kwenye miaka ya kabla ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Wapo palepale.

Nimechoka na pole. Mungu anisamehe.

Jumatatu, 2 Agosti

Helikopta ya polisi imezunguka juu ya mtaa wetu wa Fairfield asubuhi nzima. Jirani zetu wamefungiwa ndani na wanalalamika. Mimi ni mjane, nipo ndani kwa sheria ya dini kabla ya sheria ya serikali. Mji mzima umekaa eda nami. Haifariji.

Dada Mwanaidi kapiga simu kutoka Tanga. Kasikia nakutana na wanaume kwenye kioo. Nimemwambia tunazungumzia vitabu vya Marekani. Akasema hapo ndipo penye hatari zaidi. Nikakata nikidai chaji imekwisha. Ilikuwa imejaa.

Jumamosi, 7 Agosti

Mbaya kuliko zote.

Salamu, sala, pole. Halafu Kessy akasema ana pendekezo. Alisema kwa upole, hata sikujua hasira yangu niiweke wapi. Eti marehemu alikuwa mwalimu, na mwalimu hayupo. Watu wamechoka, kazi zimesimama. Jumamosi zigeuzwe za mambo ya nyumba na viza, mambo ya kusaidia. Fasihi ya Wamarekani itamsaidia nani hapa Sydney?

Baba Josué akaanza kujibu, akaanza kwa pole. Dakika zikaisha.

Sijalia hivi tangu siku ya maziko. Si kwamba Kessy ana ubaya. Ila ulifundisha historia na fasihi miaka yote ile Tanga, ukaja huku ukaendesha foklifti ya kubebea mizigo kwenye bohari la Smithfield, na Jumamosi ndiyo siku pekee watu waliyokuita Mwalimu. Wakiifunga, utabaki kuwa yule wa foklifti aliyekufa Julai.

Jumanne, 10 Agosti

Nimeamua kulifundisha somo lako mimi mwenyewe. Mimi niliyeishia kidato cha pili. Nimesoma karatasi zako nikipika, mpaka maharage yakashika chini. Zuhura kaingia, kanusa, kasema kitu kwa Kiingereza, karudi chumbani kwenye masomo yake.

Nilivyoelewa ni hivi. Wenyeji wa nchi ile walikuwa na ngano zao tangu kale, wala hakuna aliyewauliza. Wakaja wahubiri kwa meli, wakaandika juu ya Mungu na baridi. Wakaja watu wa uhuru, wakaandika vijitabu vikali kuwa binadamu wote sawa, na jioni wakarudi majumbani kwao kuhudumiwa na watu waliowanunua. Wakaja wa misitu na bahari, wakitafuta namna ya kusema isiyo ya Mwingereza. Halafu watumwa wakajifunza kusoma kwa siri, wakaandika maisha yao wenyewe, na nchi ikakosa pa kuficha uso. Hapo ndipo ulipoishia.

Pembeni umeandika kila mahali swali moja: mwaka huo taifa lilikuwa linafanya nini? Nilidhani ni somo gumu. Kumbe ni kama kumsoma jirani: anachosema barazani, na kinachosikika kutoka uani kwake.

Jumamosi, 14 Agosti

Nimefanya jambo la aibu.

Zuhura alinionyesha kitufe cha kuzima sauti za wote. Salamu nilizivumilia. Sala nikaivumilia. Baba Josué alipovuta pumzi aanze pole, nikabonyeza. Mimi, mtoto wa Tanga, nimemfunga mdomo mgeni katikati ya rambirambi.

Nikafundisha. Niliongea vizuri, naamini. Nikafika kwa wale watumwa walioandika. Niliona watu wananyanyua mikono, midomo inacheza. Nikadhani wanakubali. Nikaongeza kasi. Baba Josué akaondoka kwenye kiti, kikabaki kiti kitupu. Nikaendelea mpaka dakika zikaisha, na ndipo nikakumbuka sikuwafungulia.

Nyambura kapiga simu kutoka kazini, kwenye nyumba ya wazee Seven Hills, anacheka mpaka anakohoa. "Aki, Mama Zuhura, tulikuwa tunakupungia utufungulie. Wewe ukadhani tumeokoka."

Sikucheka.

Jumapili, 15 Agosti

Nimempigia Baba Josué kuomba radhi. Hakupokea. Baadaye akapiga yeye. Nikasikia televisheni kwake.

"Mama Zuhura," akasema, "mimi sikumuzika Salum. Walisema watu kidogo tu makaburini. Tulifanya kazi pamoja miaka, nikabaki kwenye parking naangalia ukuta. Jana Jumamosi nilikuwa namuzika. Wewe ukazima."

Nikaomba radhi tena.

Nilikuwa sijafikiri kabisa. Hakukuwa na matanga. Hakuna aliyelala kwetu, hakuna aliyeosha masufuria, hakuna aliyekaa sebuleni bila kusema kitu. Wote walikuja msibani kwa mlango pekee uliokuwa wazi. Nami kila wiki nawahimiza waende Marekani.

Bado nimekasirika. Sijui nimkasirikie nani.

Jumamosi, 21 Agosti

Arobaini yako imeangukia wiki hii. Nimewaambia leo hakuna somo. Mkutano ukikatika tutafungua mwingine, na mwingine. Semeni.

Wakasema. Kessy akasoma zaburi, na safari hii sikuhesabu dakika. Nyambura alisimulia ulivyomtumia sauti kwenye simu kila alipotoka zamu, ukimweleza vitabu vya miaka ya viwanda na reli, wahamiaji walivyojazana mijini wakaandika njaa yao. Mimi sikujua. Baba Josué alisema siku moja msimamizi alimtukana mbele ya watu, na wakati wa chakula ukamweleza habari za watumwa walioandika. Ulimwambia hakuna atakayekuandika vizuri kama wewe mwenyewe. Tangu siku hiyo anaandika maisha yake, Bukavu mpaka hapa. Kwa Kifaransa kibaya na Kiswahili kibaya, anasema yeye.

Kessy alisikiliza, akavua miwani. Akasema basi tuendelee, vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe atavisoma yeye. Lakini Jumamosi moja ya mwezi anaitaka kwa mambo ya nyumba. Sikupenda. Nimekubali.

Jumapili, 22 Agosti

Mvua. Hakuna helikopta.

Zuhura kakaa jikoni bila kuitwa, kaniuliza ulivyokuwa kijana. Kauliza kwa Kiswahili, polepole. Nimemwambia ulikuwa unakata kucha huku unasoma, na ukipoteza mstari unajikata kidole. Kacheka. Tukanywa chai.

Nyumba imetulia. Hapa watu wanakutaja, Salum. Na wewe huko uliko, unikumbuke.