Yule wa Majini

Kilima cha Tuckett, Vermont
Machi 14, 1867

Mdogo wangu mpendwa Orrin,

Salamu katika jina la Bwana. Natumaini hujambo, kifua kimetulia, na unakula chakula cha moto. Sisi huku hatujambo kwa neema yake. Miti ya sukari imeanza kutoa utomvu, na tangu Jumatatu nashinda kibandani nikiuchemsha uwe sukari, hata nywele zinanata. Amasa anakusalimu. Yaani hakusema, lakini aliponiona nashika kalamu alinisogezea wino, na wewe unamjua shemeji yako.

Orrin, nina jambo, na sina mwingine wa kumwambia. Binti yangu Lovina ananipotea. Sisemi kifo, hicho nilikwisha kukikabidhi kwa Mungu wiki ile dondakoo lilipomchukua. Nasema uso wake. Jana nikikoroga masufuria niliutafuta kwenye mvuke. Nikapata utepe wa nywele, nikapata sikio moja, halafu mvuke ukaenda zake. Picha yake hatuna. Mpiga picha alipofika njia panda barabara ilikuwa tope tupu, tukasema mwakani.

Wewe ulianza kwa kuzunguka mashambani, rangi begani, ukiwachora watu kwa malipo ya kitanda na supu. Ulichora hata watoto waliokwisha kufariki, ukawafumbua macho, na mama zao wakatundika ukutani. Nichoree wangu. Amasa anasema huko ni kujitengenezea sanamu. Namheshimu mume wangu, lakini hili nimeliombea na sijaona nimekatazwa.

Dada yako,
Thirza


New York
Aprili 2, 1867

Dada Thirza,

Shikamoo. Barua yako imenikuta sijambo, kimebaki kikohozi cha asubuhi tu. Niliisoma nimesimama ngazini, kisha nikaketi papo hapo.

Ngoja nikwambie kazi yangu siku hizi, maana hujaniona tangu vita. Picha zangu za rangi hazina mnunuzi, ziko nyuma ya mlango zimegeukia ukuta. Sasa nachorea gazeti la picha la kila juma. Nachora kwa penseli juu ya kibao cha mti mgumu, na kila kitu nakichora kinyume, cha kulia kushoto na cha kushoto kulia, ili kikipigwa chapa kitoke sawa. Kibao kinakwenda kwa mzee Ahrens, Mjerumani, anayekichonga kwa vyuma vyembamba kama sindano. Akimaliza, mchoro wangu haupo tena, umekuwa vumbi mapajani mwake. Hunitania kwamba mimi napanda, yeye anakula. Nami humwambia ndiyo maana tumbo limemtangulia.

Nilijaribu kumchora Lovina jioni ileile. Akatoka malaika wa kwenye kadi. Nikajaribu tena, akatoka amelala. Tangu nilipowachora askari kambini Virginia, kila uso ninaouchora unataka kufumba macho. Michoro hiyo nimeichoma yote. Dada, naogopa. Nikikuletea uso wa uongo utauamini, kwa kuwa unautaka mno, nao utaufukuza hata huo utepe na hilo sikio ulivyobaki navyo. Niandikie mambo yake madogo, hata ya kipuuzi.

Mdogo wako,
Orrin


Kilima cha Tuckett
Juni 9, 1867

Mdogo wangu Orrin,

Amani ya Bwana iwe nawe. Afya zetu nzuri, isipokuwa goti la Amasa, ng'ombe alimpiga teke na bado wananuniana. Usiache kunywa ile dawa ya asali.

Mambo madogo uliyoomba. Alisikiliza kwa mdomo, ukiwa wazi kidogo. Kanisani alicheka palepale mchungaji anapovuta pumzi. Na kila asubuhi nilipomtuma maji, aliinamia ndoo kwanza akaikunjia sura, kisha akaniambia, "Mama, yule wa majini hajanawa." Nami nikamjibu amwambie anawe upesi, uji unapoa.

Nilikuwa nayasoma hayo kwa sauti, kama nifanyavyo nikiandika. Kumbe Amasa yuko mlangoni anavua viatu. Nikajua nitakemewa. Akainuka, kiatu kimoja mkononi, akasema, "Mwambie asisahau kovu. Nyusi ya kushoto. Pale alipougonga uzio na kigari chake cha thelujini." Akatoka tena nje, kwa soksi tu.

Dada yako,
Thirza


Kilima cha Tuckett
Oktoba 20, 1867

Orrin mdogo wangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima. Majani yameanguka, kiangazi kimepita chote bila neno lako. Kama unaumwa, mwambie mzee Ahrens aniandikie, hata kwa Kijerumani, mchungaji atanitafutia wa kunisomea. Kama ombi langu limekuelemea, litue. Kusikia u hai kunanitosha. Amasa akishuka kijijini hupita posta kuuliza, halafu hunidanganya kwamba alifuata misumari. Misumari tunayo ya kujengea kanisa la pili.

Dada yako,
Thirza


New York
Novemba 18, 1867

Dada Thirza,

Shikamoo, na unisamehe. Siumwi. Sikuweza tu, na kila juma nilidhani juma lijalo nitaweza.

Kisha gazeti likataka picha ya jiko la shambani kwa ajili ya Siku ya Shukrani. Niliketi mbele ya kibao alfajiri, nusu usingizini, barua yako kando. Nikasikia ndoo ikiwekwa sakafuni. Sijui nikueleze vipi. Mkono ulikwenda wenyewe, na macho yake yakabaki wazi. Nikampa Ahrens kabla sijapata woga.

Dada, nilisahau kumgeuza. Jiko nililigeuza, mlango, hata paka. Yeye nilimchora kama alivyosimama mbele yangu. Nimegundua hivyo baada ya gazeti kutoka. Kovu liko nyusi ya kulia, na uso mzima umepinduka. Hilo hasa ndilo nililoliogopa. Gazeti likifika dukani kwenu usilitazame, nakusihi.

Mdogo wako,
Orrin


Kilima cha Tuckett
Desemba 1, 1867

Mdogo wangu Orrin,

Bwana asifiwe kwa kuwa u mzima. Barua yako imefika baada ya gazeti, kwa hiyo onyo lako limechelewa, nami nimemshukuru Mungu kwa barabara mbovu.

Amasa ndiye aliyelileta, amelificha ndani ya koti lisilowe. Tulilifungua mezani katikati ya maboga. Yupo, ameinamia ndoo, mdomo wazi kidogo. Nilimjua, na tena sikumjua. Amasa akaweka kidole juu yake, akasema, "Kovu si hapo."

Kisha nikaitazama ile ndoo. Nikasema, "Amasa, huyu ni yule wa majini."

Uso ule sisi hatukuwahi kuuona. Aliujua yeye peke yake, kila asubuhi akiinama. Umeniletea mwanangu jinsi alivyojiona, Orrin, kitu ambacho hata mimi niliyemzaa sikuwa nacho.

Amasa alikitungua kioo chake cha kunyolea akakielekeza kwenye gazeti, na mle kiooni kovu likarudi kushoto. Hapo nikamwona wangu, na sikio lake, na utepe, vyote vimekaa mahali pake. Sikulia wakati ule. Nililia baadaye, pai ya maboga ikaungua, tukaila hivyohivyo.

Basi usichore nyingine ya kusahihisha. Na zile picha zako nyuma ya mlango, zigeuze zitazame chumba.

Picha ya Lovina, Amasa ameikata gazetini kwa kisu akaibandika ukutani, mkabala na kioo, yeye aliyesema sanamu. Leo kabla ya kanisa alikuwa ananyoa, povu usoni, na Lovina kiooni anamchungulia juu ya bega. Nilimsikia akimwambia, taratibu kabisa, "Sogea kidogo, mwanangu. Nimalize shavu hili."

Dada yako,
Thirza