Ukulele Isiyoogopa Maji

Mama Njeri,

Unisamehe kwa kimya cha majuma mawili. Simu yangu ililowa siku niliyofika. Ziwa limeingia nyumbani kwa wifi yako Wambui, hapa Kihoto, na bado linapanda. Jana kiboko alipita karibu na kibanda cha kuku. Hata hivyo, Wambui hataki kuhama.

Kosa ni langu. Nilimpigia ile ukulele yangu ya tenori, kale kagitaa kadogo ka nyuzi nne, nikajisifu kwamba haikutengenezwa kwa mbao bali kwa nyuzinyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi, hivyo haiogopi maji. Akanidaka papo hapo: "Kama hako kadude hakaogopi maji, mimi mwenye nyumba ya mawe niogope nini?"

Leo asubuhi tumeikuta ikielea sebuleni kati ya viatu na sufuria. Wambui aliiokota, akamwaga maji yaliyokuwa ndani, akapiga nyuzi zote nne. Ililia vizuri.

"Umeona?" akacheka.

"Nimeona. Hiyo inaelea. Wewe huelei."

Alipanda juu ya kiti, akashusha pazia moja, akalikunja kama anayefungasha, kisha akaketi akilitazama la pili. Mwenye mashua niliyemwita atuhamishe anaita kutoka mlangoni: "Mzee, amueni! Kiboko akirudi mimi sivuki!"

Jifunike vizuri, najua baridi ya Njoro. Wambui bado ameketi, na ukulele iko mapajani mwake. Akilishusha pazia la pili, au akilirudisha la kwanza, nitakuandikia mara moja.

Mumeo,
Baba Njeri