Mazabodi Ilikuwa Nzima

Mshauri wetu wa mashine, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi pokea hivyo hivyo. Naomba unisaidie kuchagua pawa saplai, kile kisanduku cha kulisha umeme, ya kompyuta niliyoiunda mwenyewe nyumbani, sijui ninunue ya wati mia tano na hamsini au mia sita na hamsini, kadi yangu ya picha ni ya wastani na kazi yangu ni kuhariri video za harusi. Hilo ndilo swali langu. Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimekudanganya, maana kuna jambo jingine linanielemea.

Miezi mitano iliyopita nilinunua vifaa kimoja kimoja, nikavipanga juu ya meza ya kulia chakula, na baba mkwe wangu, ambaye amekuwa fundi wa redio na televisheni kwa miaka arobaini, akaja kunisaidia bila kuitwa, kafika na bisibisi mfukoni mwa shati na miwani kwenye paji la uso, na nikwambie kweli, nilikereka. Mimi nilikuwa nimetazama video za kutosha, najiona profesa. Nikampa ule mkanda wa kuvaa mkononi wa kuondoa umeme wa mwilini, akacheka, akasema, "Mwanangu, mimi nimeshika saketi wewe hujazaliwa," akaichukua rami, kile kibao chembamba cha kumbukumbu, kwa vidole vitupu, akaichomeka kwenye mazabodi, yaani ule ubao mkubwa unaobeba vifaa vingine vyote, tena akaichomeka vizuri tu, ikalia ta! Mkono wake ulitetemeka kidogo, ndiyo, umri umekwenda.

Tulipomaliza nikawasha. Feni zikazunguka, taa zikawaka, kioo kikabaki cheusi. Nikazima nikawasha, cheusi. Nikachomoa rami nikairudisha, cheusi. Mzee akazunguka nyuma ya kasha, akainama, akaniuliza taratibu, "Huu waya wa kioo mbona umeuchomeka huku juu? Hii kadi kubwa ya chini kazi yake nini?" Nami, Mungu anisamehe, nikamjibu, "Mzee, hii siyo redio." Ningeishia hapo ningekuwa na nafuu. Mke wangu alikuwepo, shangazi yake alikuwepo, nikasema mbele yao, "Umeniulia mazabodi. Nilikuambia vaa mkanda, hukutaka, na mikono yenyewe ndiyo hiyo inatetemeka." Nilimwambia hivyo baba wa mke wangu, ndani ya nyumba yangu, chai yake haijapoa. Mke wangu naye, kwa kuniamini mimi, akamwambia, "Baba, uwe unasikia ukiambiwa usiguse." Mzee aliinuka. Alirudisha bisibisi mfukoni, akaaga kila mtu, hata mimi, akaondoka.

Basi nikaanza kuhangaika. Nikabadilisha mazabodi, cheusi. Nikabadilisha rami, cheusi, na kila nikibadilisha kitu nachomoa ule waya na kuurudisha pale pale juu, bila wasiwasi wowote, kama mtu aliyerogwa. Kazi nikawa naifanya kwa laptopu ya zamani inayoganda kila saa, na mteja akilalamika, moyoni namlaumu mzee. Wiki tatu zilizopita, mchana, nilisogeza meza nifagie, waya ukachomoka, na kwa kuwa mkono wangu haukufika kwenye tundu la juu, nikauchomeka chini, kwenye kadi ya picha. Kioo kikawaka! Kumbe prosesa, ule ubongo wa mashine, niliyoichagua mimi mwenyewe ni ile isiyotoa picha yenyewe, lazima waya utoke kwenye kadi, na jambo hilo limeandikwa kwenye boksi. Nikairudisha mazabodi ya kwanza, ile niliyosema imeuawa, ikawaka. Rami aliyoishika kwa vidole, nzima. Nilikaa sakafuni nikalia, Mshauri, mtu mzima na ndevu zangu.

Mke wangu aliporudi kazini akaona picha kwenye kioo, akapiga vigelegele, akauliza imekuwaje, nikamwambia nimebadilisha kifaa. Mpaka leo anajua hivyo.

Na mzee, tangu siku ile hajashika bisibisi. Meza yake ya kazi ameifunika shuka, watu wakimletea redio anawaambia macho yamechoka. Juzi balbu ya jikoni kwao iliungua, mama mkwe akamwomba aibadilishe, akasema, "Mwiteni mkwe, mimi naunguza vitu." Nikaenda. Nikapanda juu ya kiti nikaibadilisha, yeye kanishikia kiti nisianguke, na niliposhuka akaniambia ahsante. Sijalala vizuri tangu ile ahsante.

Sasa wazo langu ni hili, ninunue pawa saplai mpya, hii ya sasa nimpelekee mzee nimwambie, "Baba, nimegundua kumbe mbovu ilikuwa hii, imetoka na kasoro kiwandani, si wewe." Yeye atakuwa amesafishwa na mimi sitakuwa nimeaibika. Unalionaje, na je, ninunue ya wati ngapi?

Mkwe Mwenye Aibu

*

Mkwe,

Tuanze na lililo rahisi. Wati mia tano na hamsini zinakutosha na chenji inabaki, na hiyo uliyonayo iache hapo hapo ilipo. Mashine yako ni nzima. Acha kununua vifaa.

Kuhusu waya, pole. Hilo halijakukuta peke yako. Barua za kioo cheusi napata kila wiki, nikiwaambia watu wachungulie nyuma ya kasha, nusu yao hawaniandikii tena, kioo kimeshawaka. Mimi mwenyewe niliwahi kupindisha pini za prosesa mpya kwa haraka zangu, nikamsingizia aliyeniuzia kwa siku mbili nzima. Kwa hiyo kukosea hakunishangazi, na kulia kwako sakafuni naamini kulitoka moyoni. Pole zangu zinaishia hapo.

Hivi wewe, mtu aliyepima umeme miaka arobaini unataka umpelekee pawa saplai nzima umwambie ni mbovu? Una akili kweli? Ataitoa mita yake, atapima, ataona volti zote ziko sawasawa, na atajua kwamba mkwe wake amemfanya mjinga kwa mara ya pili. Au hataipima kabisa, kwa sababu amekuamini kwamba hajui tena kazi. Hilo la pili ndilo ninaloliogopa mimi.

Halafu sikiliza. Unafikiri ulichombebesha ni lawama ya mazabodi, ukikitupia kiwanda lawama basi mmemalizana. Hapana, bwana. Mzee wa watu hajawahi kuunda kompyuta maishani mwake, akainama mara moja tu, akaona tatizo, akakuonyesha kwa kidole. Mle chumbani aliyekuwa anajua ni yeye peke yake! Wewe na video zako ukamwambia hii siyo redio. Kiwanda kikibeba lawama, mzee atabaki hajui kwamba alikuwa sahihi, na hicho ndicho kitu pekee kinachoweza kumfanya aifunue ile meza.

Kwa hiyo utakwenda kwake na mazabodi ile ya kwanza mkononi. Ulimtukana mbele ya watu, basi watu hao hao wawepo, na shangazi pia, mfuate popote alipo. Utasema, "Baba, mashine haikufa. Waya niliuchomeka pabaya mimi, wewe uliniambia, nikakutukana." Ukishasema, nyamaza. Usiniletee habari za "kama nilikukosea." Ulimkosea. Usieleze jinsi kazi zilivyokubana. Zawadi usibebe siku hiyo, na habari ya meza yake usiiguse, kama ataifunua au ataiacha na shuka lake, hiyo ni juu yake. Akicheka, cheka naye. Akinyamaza, kunywa utakachopewa, aga vizuri, na wiki ijayo nenda tena.

Lakini usiende kwanza kwake. Kuna mtu umempitia kwa sentensi moja kwenye barua yako, na mimi nimerudi kwenye sentensi hiyo mara tatu. Mkeo alimkemea babake mzazi mbele ya shangazi yake, kwa kukuamini wewe. Miezi mitano sasa anadhani alisema haki. Siku atakapojua, kitu cha kwanza atakachotaka ni kukimbilia kwa babake akamwombe radhi, na wiki tatu hizi unamzuia bila yeye kujua, wakati babake ni mtu mzima sana na hakuna anayejua zimebaki siku ngapi. Jambo likitokea mzee akaenda na neno lile la binti yake, utamwambia nini mkeo? Utamwambia umebadilisha kifaa?

Mwambie leo akirudi kazini, kabla hajavua viatu.