Baba Aliwaambia Saba

Alhamisi, 1 Julai 1954

Kapitula nne za wanafunzi wa misheni ya Nyundo. Bado vifungo. Mkanda wa cherehani umekatika tena. Nimeufunga kwa uzi wa nyavu wa rafiki yangu Idi, unashika. Vumbi la kiangazi limeingia mpaka kwenye sukari.

Asubuhi polisi wa ofisi akasimama mlangoni. Nikadhani kodi. Kumbe naitwa kesho kwa Administrateri, mzungu mkuu wa wilaya. Nivae vizuri, anasema. Mshenzi. Mi fundi wa nguo, lini nimevaa vibaya?

Ijumaa, 2 Julai

Medali. Mimi!

Administrateri alisoma kwa Kifaransa, karani akageuza kwa Kiswahili. Sikumngoja karani. Koplo Shabani, mbeba machela, kwa ushujaa mbele ya adui, Abisinia. Karatasi zangu zilipotea njiani, basi miaka kumi na tatu imepita. Daktari wa kikosi, sasa ni mzee huko kwao, hakuacha kuwaandikia wakubwa. Mungu ampe maisha.

Nitavishwa tarehe ishirini na moja, sikukuu ya Wabelgiji, uwanjani, mbele ya watu wote.

Kwenye swala ya Ijumaa machozi yalinitoka, nikasingizia vumbi. Zaituni, mke wangu, alipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Halafu akauliza nitavaa nini. Swali gani hilo? Nitajishonea.

Jumapili, 4 Julai

Nimetuma habari kwa baba, kijijini kwetu Nyakiriba. Ni Zaituni aliyetaka. Mi sikutaka. Bon, nilitaka, lakini sikutaka kutaka.

Baba yangu, Mzee Rugwiza, hajakanyaga kwangu tangu nitoke vitani. Nilitoroka nyumbani kijana, nikavuka mpaka kwenda Goma, nikawaambia wanaoandika askari kwamba mi ni mtu wa kule. Nikarudi na jina la Shabani na kanzu. Kwake yote mawili ni kosa. Yeye ananiita Kabera, kama nilivyozaliwa. Siku akiniita.

Ni shujaa wa zamani. Shingoni ana umudende, mkufu wa chuma wenye njuga. Mfalme alimpa kwa kuua maadui saba. Kwetu hesabu ndiyo hiyo. Umeua saba, unavaa umudende. Hujafika saba, kaa chini. Wamekuja wazungu, wamekuja mapadre, mzee hajauvua. Analala nao.

Jumatano, 7 Julai

Mama mmoja anayeuza maharagwe Mahoko ameleta jibu. Baba anakuja!

Nilifurahi muda wa kumeza mate. Halafu mama akamaliza. Mzee ametangazia mlima mzima kwamba mwanawe kaua saba. Kwa akili yake medali ni umudende wa wazungu, sasa wangenipa kwa lipi lingine? Anakuja na wazee wenzake. Baada ya sherehe nishike mkuki, nitoe ikivugo changu mbele yao.

Ikivugo ni kitu cha mwanamume. Unasimama, unajitaja: mi fulani, niliyemwangusha fulani, mahali fulani. Mbio mbio, bila kukwama. Cha baba nakijua tangu nanyonya.

Na mi sikuua mtu. Hata mmoja. Hata bunduki sikupewa.

Alhamisi, 8 Julai

Sikushona. Kichwa.

Jumapili, 11 Julai

Nimemweleza Idi. Huyu anauza samaki, ni rafiki yangu, mdomo wake haufungwi, lakini nani mwingine ninaye?

"We Shabani, sema saba tu. Mutu gani ataenda Abisinia kuhesabia?"

"Na Mungu?"

"Mungu iko na kazi mingi."

Nilicheka. Halafu nikakasirika kwa kuwa nimecheka. Akataka nimwambie tena ilikuwaje. Nikamwambia.

Mto. Daraja limevunjwa. Majeruhi wamebaki ng'ambo, na juu ya kilima iko bunduki ya rasharasha ya Wataliano. Tulikuwa wawili na machela yetu, mi na Lokwa, mtu mfupi mwenye nguvu za ng'ombe. Tukavusha watatu. Safari ya nne Lokwa akapigwa shingoni. Machela ikaenda na maji. Lokwa naye akaenda na maji. Nikarudi peke yangu. Waliobaki nikawabeba mgongoni, mmoja mmoja, kama mama na mtoto. Jumla kumi na mmoja.

Idi alinyamaza. Yeye! Halafu akasema, "Mugongoni? Ee ndugu, usiseme mugongoni mbele ya bale bazee. Batakucheka mpaka kaburini."

Ndilo hilo hilo ninaloliogopa. Limesemwa sasa.

Jumatano, 14 Julai

Nimetunga ikivugo cha uongo. Mtaliano wa kwanza nilimchoma kisu. Wa pili nilimtupa mtoni. Wa tatu nilimpa masharubu makubwa, ilipendeza. Nilikuwa nakisema kwa sauti, natembea huku na huku na kipimio cha nguo mkononi badala ya mkuki.

Zaituni akatoka jikoni na mwiko.

"Baba Mariamu, huyo wa masharubu alikuwa na watoto?"

Akarudi kwenye maharagwe yake. Nimechana karatasi.

Nina hasira. Na baba, na wale saba wake, na mimi. Wazungu watanipigia saluti, mji wote utaniona, na bado nangoja mzee mmoja wa Nyakiriba aseme umefanya vema. Mwanamume mzima, mvi zimeanza. Aibu, lakini ndiyo kweli. Nikidanganya atasema. Nikisema kweli, sidhani.

Ijumaa, 16 Julai

Shati limekwisha. Kola kali, mifuko miwili, mshono hauonekani. Angalau hilo.

Jumatatu, 19 Julai

Wamefika. Kwa miguu, umri ule! Baba amekonda, lakini shingo bado iko juu. Njuga zilitangulia kusikika kabla hajakata kona.

Wamekuja na mitungi ya pombe ya mtama. Nyumbani kwa Mwislamu! Na imamu amekaa barazani kwangu anakunywa chai. Nilitamani ardhi inimeze. Zaituni ndiye aliyetuokoa. Mitungi ikapelekwa kwa jirani yetu mvuvi, Mkristo, mtu wa roho nzuri sana leo. Anayetaka aende, anywe, arudi. Jioni nzima wazee walikuwa safarini. Imamu alitazama ziwa.

Baba alishika shati langu, akavuta mshono, haukuachia. Hakusifu. Akasema tu, "Kesho kutwa nitakusikia, Kabera."

Jumanne, 20 Julai

Wazee wananiamkia kwa jina jipya: Muuaji wa Saba. Kila nikipita. Baba anatabasamu. Sikujua baba ana meno mazuri hivyo. Bora angenipiga.

Nilimfuata nyuma ya nyumba. Nikasema, baba, kuna jambo. Akainua mkono.

"Liweke. Kesho, mbele za watu. Shujaa hanong'oni."

Bon. Basi ni kesho. Sijatunga kitu.

Jumatano, 21 Julai

Nimeshinda. Alhamdulillahi. Lazima niandike.

Uwanja ulijaa mpaka ufukweni. Tarumbeta. Askari wa kambi kwenye mstari, viatu kama vioo. Jina langu likaitwa. Nilitembea, sikusikia miguu. Administrateri akanichomekea medali kifuani, akanipa mkono, akarudi nyuma, akapiga saluti. Askari wote wakapiga saluti. Kwangu! Mtaa wetu wa Waswahili ukapasuka kwa kelele mpaka tarumbeta zikamezwa. Idi alilia kama aliyefiwa. Nilitembea kurudi nyumbani katikati ya barabara, na lori lilinipisha.

Nyumbani pilau. Wazee wakala, wakaenda kwa jirani, wakarudi. Kisha baba akasimama na mkuki.

Alitoa cha kwake. Wale saba, kila mmoja na jina na mahali alipoanguka, pumzi moja, njuga zikigonga. Hata watoto waliacha mchezo. Akanikabidhi mkuki.

"Kabera."

Mkono wangu haukujua la kufanya na kitu kile. Nikauchomeka ardhini. Wazee wakaguna, mkuki hauachwi hivyo. Nikafungua mdomo bila kujua kitakachotoka. Nilisema kwa Kinyarwanda, hapa naandika kwa Kiswahili:

Mi ni Kabera wa Rugwiza, ninayeitwa Shabani.
Sikuwa na mkuki, sikuwa na ngao, mikono yangu ilishika watu.
Nilimtoa Kasongo, mto ulikuwa umeshamfunika.
Nilimtoa Mbuyi, risasi zikiniimbia sikioni.
Nilimtoa Tambwe, mguu wake ulibaki ng'ambo.
Lokwa akaenda na maji, mi nikarudi.
Wakapiga risasi, nikarudi.
Nilimtoa Mtaliano, asubuhi alikuwa akinilenga, jina lake silijui.
Niliwabeba mgongoni. Kumi na mmoja.
Sikuua hata mmoja.
Siku ile kifo kililala njaa.

Nilisikia mafuta yakitokota jikoni. Halafu mzee mmoja, mnene, akacheka puani. "Mgongoni? Kama yaya?" Wengine wakamfuata. Walicheka, wakapigana mapaja. Nilitazama viatu vyangu. Nilitamani kufa.

Baba hakucheka. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida, kama anauliza bei ya mbuzi.

"Maadui walikuona?"

"Waliniona."

"Ngao?"

"Sikuwa nayo."

"Wakapiga, na ukarudi tena?"

"Nikarudi tena, baba."

Akageuka kwa wenzake. Kicheko kikakatika.

"Gatera, mdogo wangu, mnamkumbuka. Nimewaambia siku zote kwamba alikufa papo hapo vitani. Hakufa papo hapo. Alivunjika mguu. Tulimwacha kwenye majani, ananiita kwa jina. Nilikuwa na mkuki, nilikuwa na ngao, na kundi zima nyuma yangu. Sikurudi. Niliogopa."

Niliogopa. Miaka yote ile sijasikia neno hilo likitoka kwa baba. Sikujua hata kama analo.

Akamnyooshea kidole yule mnene. "We unayecheka, simama. Niambie kati yetu nani angerudi."

Hakusimama. Hakusimama yeyote.

Basi baba akang'oa mkuki ardhini. Akatoa ikivugo changu. Changu! Wote, Kasongo, Mbuyi, Tambwe, yule Mtaliano, amekisikia mara moja tu na hakukwama hata neno. Mtu hatolewi ikivugo na mwenzake, si desturi, na baba ndiye anayewafokea watu kwa ajili ya desturi. Alipofika kwenye kifo kililala njaa alipiga mguu chini na njuga zikalia zote. Wazee wakainuka, mmoja, wawili, wote, wakapiga fimbo ardhini. Zaituni akaachia vigelegele, mtaa mzima ukajibu. Imamu alisema Allahu akbar mpaka sauti ikamkauka. Yule mnene alikuja kunishika mikono yote miwili, na pumzi yake ilinuka mtama, na nilimpenda.

Nililia mbele za watu. Sioni haya.

Alhamisi, 22 Julai

Nimelala mpaka adhuhuri. Hawajaniita Muuaji. Wananiita Mvushaji. Idi amewaambia wateja wote sokoni kwamba ni yeye aliyenishauri niseme kweli.

Ijumaa, 23 Julai

Nimemrudisha baba. Magoti yamevimba kwa ile safari ya kuja. Lori mpaka Mahoko, kisha njia ya mguu. Wazee wengine walitangulia. Baba alitembea kidogo, akasimama. Akatembea, akaketi kwenye jiwe. Nilisema nikatafute watu wa kumbeba. Akaniangalia kama nimemtukana.

Tulikaa. Upepo mzuri, maharagwe yamekauka mashambani, harufu ya moshi. Aliuliza kama Lokwa alikuwa na mke. Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa.

Halafu akasema, "Inama."

Nikainama. Akapanda. Mwepesi kabisa, mifupa na chuma. Medali nilikuwa nimeivaa, alishika bega la upande wa pili asiisumbue.

Akina mama walikuwa wanashuka na vikapu. Baba akaniamuru nisimame. Akiwa mgongoni kwangu, ameinua mkono, akawatolea ikivugo changu chote. Mwishoni akasema watu kumi na wawili.

"Ni kumi na mmoja, baba."

Akanigonga kichwani kwa vidole.

"Na mimi je?"

Akina mama walicheka, wakatutakia safari njema. Mlima ulikuwa bado. Nikamweka vizuri, tukaendelea.