Kiti cha Dirishani

Kaka yangu mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba Mama naye kikohozi kimemwachia. Huku tu salama, ila kazi inatukimbiza. Barua zangu zilizopita hukujibu hata moja, na simu hushiki. Najua kuandika kwa mkono wa kushoto ni taabu, lakini hata mstari uliopinda ningeusoma. Mama ananiambia kwamba tangu msumeno wa karakana uchukue mkono wako, umejifungia chumbani na hutaki kuona mtu. Hilo linaninyima raha.

Kazi yangu unaijua: tunafunga nzi bandia, yaani tunavika ndoana manyoya na uzi mpaka samaki adhani ni mdudu. Wiki iliyopita kiti cha dirishani kilibaki wazi. Nikajikaza, nikaenda kwa bwana mkubwa kukuombea. Akaniuliza utafungaje kwa mkono mmoja, nami nikamjibu inawezekana, ingawa sikuwa na hakika hata kidogo. Akasema basi nimwonyeshe Ijumaa, mbele ya macho yake, mkono wangu wa kulia ukiwa umefungwa. Nikishindwa, kiti anapewa binti wa mtunza stoo. 

Kila jioni nikajifunza upya kama mgeni wa kazi. Haya nakuandikia uyashike, maana utayahitaji. Chagua ndoana kubwa. Hizo ndogo hata mimi hunitoa machozi. Ibane kwenye jiliwa, ile ile unayoijua wewe fundi seremala, ila hii ni ya kitoto. Uzi uwe mnene, tena uupake nta. Anzia nyuma kidogo ya tundu la ndoana, uzungushe uzi juu ya uzi wenyewe mpaka ujikabe, kisha uiachie bobini, kile kigurudumu cha uzi, ining'inie. Uzito wake ndio unaokaza uzi wakati mkono wako unatafuta kitu kingine. Unyoya uwe wa shingo ya jogoo, laini, usiovunjika ukikunjwa. Na mwishoni usiwe na tamaa ya uzi: karibu kila anayeanza huurundika mpaka tundu likaziba, mvuvi akakosa pa kupitisha mshipi wake.

Kilichonitoa jasho ni huo unyoya. Mkono mmoja ukiushika, nani azungushe uzi? Nikauuma kwa meno, ukalowa mate ukatepeta. Kufikia Alhamisi hasira zilikuwa zimenipanda, nikavurumisha ndoana ukutani. Bado iko pale, imenasa.

Ijumaa wenzangu wote waliacha kazi wakanizunguka. Bwana mkubwa mwenyewe akanifunga mkono kwa mtandio. Nikaanza vizuri. Nilipofika kwenye unyoya nikauuma, jasho likaniingia machoni, nikauvuta uzi kwa pupa, ukakatika. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Bwana mkubwa akavua miwani, akasema nisijali, binti wa mtunza stoo ataanza Jumatatu.

Sasa Kaka, hapa pana jambo nililokuficha. Ulipomwambia mkeo arudi kwao kwa sababu hutaki kulishwa kama mtoto, hakwenda kwao. Alikuja kwangu. Tunakaa chumba kimoja tangu siku hiyo, na kila jioni nilipokuwa nahangaika na unyoya, naye alikuwa upande wa pili wa meza, amejifunga mkono kama mimi. Ijumaa hiyo alinisindikiza, akakaa kwenye benchi la mlangoni.

Wifi yangu yule mpole, asiyepandisha sauti hata kuku wakimmwagia unga, akasimama na kuomba ajaribu yeye. Bwana mkubwa aliitazama saa, kisha akamfunga mkono kwa mtandio ule ule na kumwonyesha kiti. Wifi hakutumia meno. Aliipaka nta ndoana yenyewe, akaulaza unyoya juu yake, ukanata, ndipo akashika bobini akaanza kuzungusha taratibu. Baadaye aliniambia wazo lilimjia pale pale, akinitazama nikishindwa. Bwana mkubwa akauvuta unyoya kwa kucha. Akavuta tena kwa nguvu. Haukutoka. Akamuuliza huyo anayeombewa kiti ni nani wake.

"Ni mume wangu," wifi akasema. "Ameniambia niende. Sijakubali."

Bwana mkubwa amekubali: kiti kinakungoja mpaka Jumatatu, haitazidi hapo.

Barua hii haikupitia posta. Nimemwagiza Mama akupe mkononi, na aliyeileta amekaa sebuleni sasa hivi, anasubiri umalize kusoma. Tiketi za kurudi kesho asubuhi ni mbili. Ukiikataa kazi nitaumia, lakini nitakuelewa. Ukimrudisha peke yake, Kaka, hilo sitalielewa kamwe.

Mwambie Mama nampenda, na asiache dawa katikati. Wewe nakuombea heri kwa moyo wangu wote.

Ni mimi mdogo wako,
Kiroboto